Dakika Kumi Zisizosahihishwa

Mwanachuo mwenzangu, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho uliandika kitu ambacho hakikuwa na maksi? Sizungumzii meseji za WhatsApp wala maneno ya kuweka chini ya picha. Nazungumzia ukurasa mzima, kwa maneno yako, kuhusu jambo linalokukaa kichwani, bila kufikiria nani atakusahihisha. Najua wengi hapa watakuna kichwa. Wengine watasema haijawahi kutokea.

Na si ajabu. Tangu darasa la kwanza tumeandika kwa sababu mbili tu: kunakili alichoandika mwalimu ubaoni, au kujibu alichouliza. Tumefika chuo, ubao umegeuka slaidi, mambo ni yaleyale. Desa linatoka kwa mwaka wa tatu linashuka kwa mwaka wa kwanza, tunalikariri, tunalimwaga kwenye UE, na bumu linalofuata linapoingia hatukumbuki hata kichwa cha kozi. Halafu unafika mwaka wa mwisho, unaambiwa andika utafiti wako, chagua mada yako, eleza tatizo kwa maneno yako. Maneno gani? Hatujawahi kuwa nayo.

Hapo ndipo biashara inapoanza. Sote tunajua kuna watu nje ya geti wanaoandika utafiti kwa malipo, na bei inapanda kadiri siku ya kukusanya inavyokaribia. Siku hizi wengine hawalipi hata senti, wanaiagiza ChatGPT, inatema kurasa thelathini za Kiingereza safi, kisha mwenye kazi anasimama mbele ya jopo na kushindwa kueleza sentensi ya kwanza ya utangulizi wake. Tunawacheka hao, lakini tuwe wakweli. Wengi wao si wavivu. Ni watu ambao kwa miaka kumi na sita ya shule hakuna aliyewapa nafasi ya kuandika vibaya, na asiyewahi kuandika vibaya hawezi kufika pa kuandika vizuri.

Msimamo wangu katika makala hii ni mmoja. Kila mwanafunzi wa chuo aandike dakika kumi kila siku, kwa lugha yoyote, bila kusimama, bila kufuta, na bila kumwonyesha mtu. Na nasema hivi hasa kwa sisi tuliotoka sehemu kama nilikotoka mimi.

NAMNA INAVYOFANYIKA

Tuuite uandishi huru. Masharti yake ni machache. Unatega saa ya simu dakika kumi. Unaanza kuandika na hausimami mpaka ilie. Ukikosa neno la Kiingereza, weka la Kiswahili. Ukikosa la Kiswahili, weka la nyumbani. Ukikosa la kusema, andika "sina la kusema" mpaka lije, na litakuja, kwa sababu kichwa kinachoka haraka kurudia sentensi moja. Hakuna kurudi nyuma kurekebisha herufi. Hakuna aya, hakuna hitimisho. Ikilia, funga daftari.

Aliyeueneza sana mtindo huu ni mwalimu Mmarekani, Peter Elbow, katika kitabu chake cha mwaka 1973, Writing Without Teachers. Elbow hakuwa mtu aliyezaliwa na kalamu. Akiwa mwanafunzi alikwama kuandika insha kiasi cha kuacha masomo yake ya uzamivu pale Harvard, akayamalizia baadaye chuo kingine. Alichokigundua ni rahisi kukieleza: kuandika ni kazi mbili, kuzalisha mawazo na kuyahariri, na sisi tunajaribu kuzifanya zote kwa wakati mmoja. Mkono unataka kwenda mbele, jicho linarudi nyuma kutafuta kosa. Ni kama mtu anayepanda maharage huku akipalilia mstari huohuo ambao haujaota. Jua linazama hajamaliza hata tuta moja.

Kwa hiyo panda kwanza. Kupalilia kuna siku yake.

LUGHA TATU, KALAMU MOJA

Nimetoka Runazi, Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Kwetu, na upande wa pili huko Ngara, mtoto anaweza kuamka akiongea Kisubi au Kihangaza na bibi yake, akacheza na watoto wa majirani wanaoongea Kiha au Kisukuma, akifika shuleni akakutana na Kiswahili cha vitabu, na akiingia kidato cha kwanza akaambiwa kuanzia leo Biolojia, Historia na Hesabu ni kwa Kiingereza. Hakuna daraja kati ya hapa na pale. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliukagua Kiingereza cha shule zetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakifahamu kwa kiwango cha kuweza kusomea masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia umeendelea tangu hapo, semina kwa semina, sera kwa sera. Mimi siusubiri uishe. Nina mtihani.

Matokeo yake kwa mwanafunzi ni haya. Anajifunza kwamba akiwa na wazo lakini hana Kiingereza chake, basi hana wazo. Ananyamaza. Kwenye semina anakaa nyuma. Na kimya hicho kikikaa muda mrefu mwenyewe anaanza kuamini kwamba hana akili, kumbe alichokosa ni mahali pa kuliwekea wazo kabla halijavaa suti.

Nilipokuwa fildi ya ualimu katika shule moja ya kata huko nyumbani, niliomba kidato cha pili waandike dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi changu cha Uraia. Swali la kwanza waliloniuliza lilikuwa: "Mwalimu, utasahihisha?" Nikawaambia hapana. La pili: "Kwa lugha gani?" Nikawaambia yoyote. Darasa likanitazama kama nimewatega.

Wiki ya kwanza wengi waliandika mistari miwili mitatu. Kulikuwa na binti mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha kidole tangu nifike. Wiki ya tatu aliniletea daftari mwenyewe, akasema anataka nisome ukurasa mmoja tu. Alikuwa ameandika, Kiswahili kikiwa kimechanganyika na cha nyumbani, kuhusu wachuuzi wanaokuja kununua maharage kwa baba yake wakiwa na debe lililotanuliwa tumbo. Alikuwa amelipima mwenyewe. Alihesabu kwa kopo ni kiasi gani kinachozidi katika kila debe, akazidisha kwa madebe ya msimu mzima, na mwisho akauliza: kama serikali ya kijiji ipo na vipimo vya serikali vipo, kwa nini hakuna anayelipima debe hilo?

Jamani, somo la Uraia ni lipi kama si hilo? Ndani ya ukurasa ule kulikuwa na haki, wajibu, serikali za mitaa na hesabu ya kuzidisha. Tulikaa naye siku mbili kuuhamishia kwenye Kiingereza, sentensi moja baada ya nyingine. Kiingereza chake hakikuwa kimebadilika kwa wiki tatu, mimi si mchawi. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na kitu anachotaka kukisema, na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuyatafuta maneno.

MZEE KUTOKA UKEREWE

Mtu atasema hayo ni ya watoto wa sekondari. Basi nitoe mfano wa mtu mzima, na tena aliyepita mkoani kwetu.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na kukulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Rubya, ambayo leo ipo Wilaya ya Muleba, huko huko Kagera. Alitoka pale akiwa na lugha kadhaa kichwani, zikiwemo Kilatini na Kijerumani. Kwa hesabu za siku hizi tungemtegemea aandike kwa lugha ya wakubwa. Hakufanya hivyo. Alikaa na kuandika riwaya nzima kwa Kikerewe, kuhusu mume na mke wanaotafuta mtoto, na ndani yake akaweka kilimo, uvuvi, dawa, harusi na mazungumzo ya watu wake. Aliimaliza mwaka 1945. Mchapishaji wa Kikerewe hakuwepo. Miaka mingi baadaye akaihamishia mwenyewe kwenye Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwenyewe alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Sisemi Kitereza alikuwa akitega saa ya dakika kumi. Ninachotaka ukione ni mpangilio wa kazi yake. Kwanza aliandika katika lugha ambayo mawazo yalimjia mbio. Baadaye, kwa utulivu, akayapeleka katika lugha ya wasomaji wengi. Laiti angesubiri mpaka apate lugha sahihi, mchapishaji sahihi na wakati sahihi, leo tusingekuwa na kitabu kinachosomwa mpaka Ulaya.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na umri wetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifika Uingereza akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960. Amewahi kueleza kwamba uandishi wake ulianzia kwenye shajara, kwa kuandika upweke na kukumbuka nyumbani. Kurasa zile hazikuwa za kumpa mtu. Lakini ndizo zilizomzoesha kujisikiliza.

KUHUSU AFYA NA HOFU YA MTIHANI

Kuna faida nyingine ambayo hatuisemi sana, hasa sisi wanaume. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa wanafunzi wa chuo. Waliwaomba waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika jambo lililowaumiza maishani, lilivyotokea na walivyojisikia. Siku zilezile za kuandika, waliogusa maumivu walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, nao walieleza kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, na waliofaidika hasa ni wale waoga wa mitihani. Tafiti nyingine zilizofuata hazikupata matokeo makubwa kiasi hicho kila mara, kwa hiyo usiifanye kuwa dawa ya kila ugonjwa. Anayeumwa moyo kwelikweli amtafute mshauri wa wanafunzi. Lakini kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenzake watano, akiwaza ada, sapu na mama anayepiga simu kuuliza "unamaliza lini", karatasi ni msikilizaji asiyekatiza.

MNAYOSEMA WENGI

"Sina muda." Una muda wa kusubiri chakula kafteria, una muda wa kusubiri mhadhiri ambaye hatatokea. Dakika kumi ni pungufu ya hapo. Fanya hesabu: mtu asiye na kasi anaweza kuandika maneno 100 kwa dakika kumi. Kwa wiki 15 za muhula, hayo ni maneno zaidi ya 10,000. Si maneno ya kukusanya kwa mhadhiri, lakini mkono uliokwisha kuandika maneno 10,000 hauogopi tena karatasi tupu.

"Mtihani ni wa Kiingereza, Kiswahili kitanisaidia nini?" Kitakusaidia kujua unachotaka kusema. Sentensi nyingi za Kiingereza tunazoharibu hazikuharibiwa na sarufi, zilikuwa mbovu kichwani kabla ya kutoka. Chukua mada ya semina ya kesho, iandike leo usiku kwa Kiswahili cha mtaani, kama unamweleza ndugu yako aliyeko nyumbani. Asubuhi toa mambo matatu ya maana, yaandike kwa Kiingereza. Utashangaa ni maneno machache tu ya kutafuta kwenye kamusi. Na kadiri unavyozoea, Kiingereza chenyewe kitaanza kujipenyeza kwenye zile dakika kumi bila kulazimishwa.

"Bila kusahihishwa nitazoea makosa." Hii ni hoja nzito, na ninaikubali nusu. Uandishi huru haukufundishi nukta wala nyakati za vitenzi. Anayeandika tu bila kusoma atabaki akizunguka na maneno yaleyale. Kwa hiyo soma, tena soma vitabu, si desa tupu. Na kazi ya kukusanya ihariri mara mbili, mara tatu, mpe rafiki aisome. Lakini huwezi kuhariri kitu ambacho hakipo. Walimu wetu wametusahihisha kwa miaka mingi sana, na bado kuna foleni nje ya geti kwa waandika-utafiti. Tatizo basi si upungufu wa kalamu nyekundu.

"Mashine itaniandikia." Itakuandikia, ndiyo. Lakini haijui debe lililotanuliwa la kwa baba yako. Haijui unachokishangaa ukiwa kwenye basi unarudi likizo. Ukiipa swali la kila mtu, itakupa jibu la kila mtu. Anayekuja na ukurasa wake mwenyewe anaweza hata kuitumia mashine kwa akili, maana ana kitu cha kuilinganisha nacho.

OMBI KWA WAKUBWA

Kwa wahadhiri wetu, hasa wa Stadi za Mawasiliano: tunaomba dakika tano za mwanzo wa kipindi. Tuandike tulichokielewa wiki iliyopita na tusichokielewa. Msikusanye, na tafadhali msitoe maksi, maana siku mtakayotoa maksi ndiyo siku desa la uandishi huru litakapoanza kuuzwa steshenari.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: mmetupa bonanza, mmetupa usiku wa utamaduni, na tunashukuru. Tupeni pia saa moja ya kimya kwa wiki pale vimbwetani. Hakuna bajeti inayohitajika. Watu wakae, waandike, waondoke.

Nasema haya kwa sababu najua nini kinatusubiri huko tulikotoka. Kijijini ukirudi na shahada hawakuulizi GPA. Wanakuletea jambo: kuna mgogoro wa mpaka wa shamba, kuna zahanati haina dawa, kuna ahadi ya barabara imekaa miaka, hebu kijana wetu tuandikie barua kwa Mkurugenzi. Ni aibu kubwa kumwambia mzee aliyeuza ng'ombe ili usome kwamba barua hiyo mpaka uitafutie mfano kwenye Google. Anaamini amekusomesha ili siku moja uweze kuyasema yake yakasikika. Kuyasema kunaanza kwa kuzoea kusema, na kuzoea kunaanza na daftari ambalo halina mwenye kulikagua.

Nunua kauntabuku ndogo. Ukiona simu inakufaa zaidi, tumia simu, ila zima data kwanza. Usingoje Jumatatu, usingoje muhula mpya. Leo kabla ya kulala anza na maneno haya: "Kitu ambacho sikukielewa leo ni..." Endelea nayo mpaka saa ilie.